Uvira iwakumbuke wafu wote



Amani ya mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, haitadumu iwapo kila jamii itaendelea kuwalilia wafu wake peke yao. Kila jamii ina majeraha yake. Sheria ya uraia ya 1981 ilidai mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa hapa nchini tangu 1885. Watu wengi wa jamii ya Banyamulenge wakageuzwa wageni kwenye karatasi, na mwaka 1996 wakafukuzwa na kuuawa. Mwishoni mwa 1998, huko Makobola, mamia ya raia, wengi wao wa jamii ya Babembe, waliuawa na waasi wa RCD. Agosti 13, 2004, ng'ambo ya mpaka huko Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa, baadhi wakiteketea ndani ya mahema yao.

Wapo wanaosema kuyataja haya ni kutonesha kidonda. Lakini kimya hakikuwalinda watu wa Mutarule, ambako zaidi ya 30 waliuawa Juni 2014. Wengine husema, "Wao ndio walioanza." Mtoto aliyechomwa hemani hakuanza lolote, wala yule wa Makobola. Kosa ni la aliyelitenda na aliyeliamuru, si la kabila lake. Kwa sababu hiyo, nawaomba meya, makanisa, misikiti na machifu waandae siku moja ya kumbukumbu, majina ya wafu wote yasomwe pamoja, na walimu wafundishe matukio haya shuleni. Haki mahakamani bado tunaidai. Kukiri ukweli hadharani kunaweza kuanza sasa.

Msomaji wenu,
Uvira