Mwanao Akipata Nafasi ya Kusomea PhD ya Fiziolojia, Usimkatishe Kabla ya Kumuuliza



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu,

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Nyamirambo alinishika mkono akasema, "Ustadh, nisaidie kuzungumza na huyu kijana." Kijana mwenyewe nimemsomesha madrasa tangu Juzuu Amma. Amemaliza tiba ya mifugo huko Nyagatare, na sasa amepata nafasi ya kusomea PhD ya fiziolojia katika chuo cha tiba ya mifugo Marekani. Baba yake alikwishapanga kumfungulia duka la dawa za mifugo. Akaniuliza, "Miaka mitano mingine ya kusoma, na shahada yenyewe haitamruhusu hata kutibu ng'ombe wa huko?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu nina deni. Miaka kumi nyuma mzazi mwingine aliniuliza jambo kama hili, nami nikasema kijana asiende mbali, riziki iko karibu. Kijana akatii. Leo tukikutana ananisalimia kwa heshima, nami naona haya. Nilitoa shauri juu ya kitu nisichokijua.

Basi safari hii niliuliza kwanza. Fiziolojia ni elimu ya namna mwili unavyofanya kazi: moyo, mapafu, figo, damu, homoni. Vyuo vya tiba ya mifugo vya Florida na Oklahoma State vina idara nzima za elimu hii. Kwa mfano, ng'ombe wa kisasa tuliowaleta nyumbani hupunguza maziwa joto linapozidi. Sababu moja ni kwamba usagaji wa chakula tumboni nao huzalisha joto, kwa hiyo mnyama hupunguza kula ili asizidiwe. Anayejua jambo hilo anaweza kumshauri mfugaji juu ya kivuli, maji na saa za kulisha. Duka la dawa halina chupa ya kutibu tatizo hilo.

Na tusidhani elimu hii ni ngeni kwetu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafii. Ndiye aliyeandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita kwenye mapafu, ndipo ifike upande wa kushoto. Na katika Suratul Ghaashiyah tunaelekezwa tumtazame ngamia alivyoumbwa. Watafiti waliomtazama katika jangwa la Algeria miaka ya 1950 walikuta kwamba akikosa maji huacha joto la mwili wake lipande mchana na kushuka usiku kwa nyuzi sita hivi, ili asipoteze maji kwa jasho.

Hata hivyo, yule baba ana haki katika jambo moja. PhD si leseni ya kutibu. Ni miaka minne hadi sita ya kutafiti swali moja, na kutibu Marekani kuna mitihani yake ya pekee. Kijana asiyelijua hilo atavunjika moyo mwaka wa pili. Kwa hiyo badala ya kukataza, mzazi amuulize mwanawe mambo matatu.

Kwanza, nani analipa? Wanafunzi wengi wa PhD za sayansi Marekani husamehewa ada na kupewa posho ya kila mwezi kwa kusaidia utafiti au kufundisha. Lakini ahadi hiyo iwe kwa maandishi, na ionyeshe ni ya miaka mingapi. Posho hiyo humtosha mtu mmoja kwa shida, basi jamaa wasianze kuihesabu kuwa ni yao.

Pili, msimamizi wake ni nani, na anatafiti nini? Kijana amwandikie, na awaulize wanafunzi waliopita mikononi mwake. Msimamizi asiyejibu barua leo hatabadilika ukishafika kwake.

Tatu, wanyama wa majaribio watatendewaje? Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwahurumia viumbe, na hili si dogo mbele ya Allah. Huko utafiti wa vyuo juu ya wanyama hupitishwa na kamati inayotazama maumivu yao. Mwanafunzi wetu asione kamati hiyo kama usumbufu. Awe wa kwanza kuuliza kama jaribio linaweza kufanywa kwa wanyama wachache zaidi, au bila mnyama kabisa.

Ijumaa iliyopita tulikaa watatu: baba, kijana na mimi. Kijana alijibu maswali mawili vizuri. La posho hakuwa na barua, akakiri. Baba akasema, "Ilete hiyo barua, kisha tuzungumze." Halikuwa neno la kukubali, lakini habari ya duka hakuitaja tena.

Wazazi wenzangu, mtoto akija na jina la somo msilolijua, ulizeni kabla ya kukataza. Nanyi vijana, msiende kwa baba zenu na sifa za Marekani tu. Nendeni na majibu.

Wabillahi tawfiq.