NANI ACHEKWE?

Wako watu wanaosema ati sinema ya kuchekesha ni mchezo tu, haina neno. Sisi tunasema inalo neno, tena kubwa.

Sisi wa Kidete, hapa kwenye kituo cha Reli ya Kati wilayani Kilosa, tumeitazama filamu ya Waingereza iitwayo Lucky Jim, yaani Jim mwenye bahati. Ni ya mwaka 1957, ya John Boulting, nayo imetokana na kitabu cha Kingsley Amis cha 1954. Jim Dixon ni mhadhiri mdogo wa historia katika chuo kikuu cha mkoani. Bado yumo katika majaribio ya kazi. Profesa Welch akikunja uso tu, Jim hana mkate. Basi humnyenyekea mtu asiyemheshimu. Mapenzi nayo yamemvuruga: mwalimu mwenzake Margaret anamng'ang'ania, naye anamtamani Christine, rafiki wa mtoto wa profesa. Mwisho anapanda jukwaani kutoa mhadhara mkubwa, naye amelewa!

Tulicheka sana. Lakini angalieni nani anachekwa: profesa, mhadhiri, na ukumbi mzima wa wakubwa. Mwingereza kwake huwacheka wasomi wake. Je, alipotupigia sisi picha, alimcheka nani? Kule Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, alitengeneza picha za kutufundisha. Katika moja, mjinga anafukia fedha ardhini zinaibiwa, mwerevu anapeleka zake posta. Mwaka 1952 ikaja Muhogo Mchungu, mchezaji wake mkuu Ndugu Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kichekesho chenyewe? Mshamba aliyeingia Dar es Salaam! Hatumlaumu mchezaji. Tunawauliza waliotunga.

Mkoloni amekwenda zamani, mshamba angali jukwaani. Hata leo mchekeshaji akitaka kicheko cha haraka huvaa matambara na kujifanya mtu wa kijijini. Kwani wasomi hawana vituko? Chuo chetu kilianza Oktoba 1961 katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba. Haikupita miaka mitano, Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu wamevaa majoho, kuyakataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango la kusema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20. Majoho na bango lile! Nani ameipigia sinema ya kuchekesha?

Jambo moja katika Lucky Jim hatulikubali hata kidogo. Jim haokolewi na akili yake. Anatokea tajiri, Gore-Urquhart, anampa kazi London, na Christine anakuwa kama bakshishi juu yake. Ametoka mkononi mwa profesa, ameingia mfukoni mwa tajiri, nasi tupige makofi? La!

Watunzi wetu, mleteni mhadhiri wenu hapa Kidete. Ashuke kituoni na mkoba wake, na barua ya mchumba mmoja mfuko huu na ya mwingine mfuko ule, atufundishe habari za mto Mkondoa, sisi tulioyaona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakiing'oa reli. Maswali tutayauliza sisi.