Gari-nyumba la Japani na umeme wetu wa volti 240

Kuna desturi iliyozoeleka mno hapa nchini hata haimshtui mtu tena. Mtu ana kifaa chenye plagi ya miguu miwili, na soketi ya ukutani ina matundu matatu. Huchukua kalamu akaidunga katika tundu la juu, lile la waya wa ardhi, ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, kisha akaisukuma plagi yake kwa nguvu. Hufanyika majumbani, vibandani mwa vinyozi na, ni aibu kusema, hata katika vyumba vya walimu. Mara nyingi hadhuriki mtu, na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu tumefunzwa kuamini kwamba almuradi plagi imeingia, umeme ni umeme.

Umeme si umeme tu. Magari yaliyotumika ya kutoka Japani ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, na miongoni mwa yanayouzwa huko mna magari-nyumba: gari lenye kitanda, jiko, jokofu na soketi zake ukutani. Hebu shule, kanisa au kikundi cha vijana kipate gari kama hilo, kiazimie kuligeuza maktaba au maabara ya kuzunguka mashambani. Usukani u kulia kama tutakavyo, injini ni ileile ambayo fundi wa mtaani aijua. Ila soketi zile ziliundiwa umeme wa volti 100, na umeme wa Kenya ni wa volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde.

Mwanafunzi na achukue kalamu, safari hii kwa kazi yake halali. Ndani ya gari mna hita ya wati 1,000 iliyotengenezewa volti 100. Mkondo wake ni ampea 10, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 10. Ukiiunganisha hita hiyohiyo na volti 240, ukinzani ukiwa haukubadilika, mkondo hupanda hadi ampea 24, na nguvu yake huwa volti 240 mara ampea 24, yaani wati 5,760. Voltieji imezidi mara mbili na nusu hivi, joto likazidi karibu mara sita. Fyuzi ya ampea 13 itakatika, lakini si lazima ikatike papo hapo, na godoro la gari-nyumba halisubiri.

Kanuni ya Ohm tunaikariri darasani, na umeme wa majumbani umo katika silabasi ya fizikia ya kidato cha nne ya mfumo wa 8-4-4. Ni wanafunzi wangapi waliowahi kuulizwa wasome kibandiko kilicho nyuma ya kifaa halisi na waseme iwapo kinafaa kuunganishwa hapa Kenya? Tunawapa mtihani wa balbu za kufikirika zilizochorwa ubaoni, ilhali kibandiko cha chaja ya simu, kisemacho volti 100 hadi 240, mizunguko 50 au 60, kimo mfukoni mwa mwalimu mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni makuu yasiyo na maana: nunua transfoma ya kushusha voltieji, mambo yaishe. Transfoma ni dawa, sikatai, ila ina masharti yake. Kwanza, aghalabu zile za bei nafuu ni za koili moja inayotumiwa na pande zote mbili. Sehemu ya chini ya koili hiyo ikikatika, volti 240 zaweza kufika kamili upande uliotakiwa kuwa na 100. Pili, transfoma haibadilishi idadi ya mizunguko. Wajapani wenyewe wamegawanyika katika jambo hili tangu karne ya 19: Tokyo ilinunua mitambo ya Wajerumani ya mizunguko 50, Osaka ikanunua ya Wamarekani ya mizunguko 60, na hata leo mpaka wa umeme nchini humo ni pande za Mto Fuji. Kifaa kilichoundiwa mizunguko 60 pekee kikipewa 50, mota yake huzunguka polepole kwa takribani sehemu moja ya sita, na chuma kilicho ndani ya koili zake hupata moto kuliko kawaida. Saa ya ukutani inayofuata mizunguko ya umeme itachelewa dakika 10 kila saa. (Mwalimu wa zamu aliye na saa ya namna hiyo atapendwa sana na wanafunzi wakati wa mapumziko.)

Kwa maoni yangu, njia iliyo safi ni nyingine, na ajabu ni kwamba ndiyo iliyo rahisi kumweleza mwanafunzi. Taa za gari-nyumba, pampu ya maji na feni ndogo kwa kawaida hutumia betri ya volti 12, na volti 12 za Osaka hazina tofauti na volti 12 za Kakamega. Upande huo uachwe kama ulivyo. Kinachong'olewa ni chaja ya betri iliyotaka volti 100, mahali pake pakatiwa ya volti 240. Kisha soketi za zamani na swichi zake za kukata umeme zitolewe zote. Zisibakizwe kwa kuwa zingali nzuri. Ziwekwe za hapa kwetu za matundu matatu, pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme uvujapo miliampea 30, na waya wa ardhi ufungwe barabara kwenye bodi la gari. Bodi la chuma lililokaa juu ya mipira halina njia ya kwenda ardhini isipokuwa waya huo, na umeme ukivujia bodini, atakayekuwa njia ni mtoto anayepanda ngazi ya gari miguu mitupu. Iwapo limo pia kasha la kugeuza volti 12 kuwa 100, lisiruhusiwe kamwe kukutana na waya wa umeme wa nje, kwani litaungua mara moja.

Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kusimamia kawi, si ya mwalimu wala wanafunzi wake. Lakini fundi huyo akiwa kazini, darasa zima laweza kusimama hatua chache kando, likamwuliza kila waya unaenda wapi na kwa nini. Ningependa kuona shule ikilifanya hilo kuliko kuliona gari limeegeshwa nyuma ya bwalo, jokofu limeungua, kuku wanataga kitandani.

Na iko shida ya lugha, ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili hatuna budi kuikabili. Maonyo katika magari hayo yameandikwa kwa Kijapani. Maonyo ya vifaa vingi vinginevyo ni ya Kiingereza, na fundi wa kijijini anayevifungua husoma tarakimu tu. Maneno ya kumwonya tunayo: volti, ampea, wati, mkondo, ukinzani. Yamo katika kamusi zetu, ila hayajafika kwenye kifaa chenyewe. Shirika la viwango lingeweza kudai kwamba kifaa chochote kisichofaa volti 240 kisiuzwe pasipo kibandiko cha Kiswahili kinachosema hivyo. Hadi siku hiyo, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waweza kukaa pamoja wakati wa chai, wakaandika kibandiko kimoja kwa herufi kubwa na kukigandisha pembeni mwa kila soketi ya shule: HAPA NI VOLTI 240. SOMA KIFAA CHAKO KWANZA. USITUMIE KALAMU.