Mambo ya Elimu Nyumbani: Sukari Iyeyukayo na Sukari Igeukayo

Mwezi huu na tutazame kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, tangu maduka ya Same mpaka vijiji vya juu milimani, nacho ni sukari. Walimu hufundisha ya kuwa mabadiliko ya vitu ni ya namna mbili: badiliko la umbo na badiliko la kikemia. Watoto wengi huyakariri maneno haya wasiyaelewe. Sukari yaweza kuwaonyesha yote mawili. Tena mzazi ayajuaye vema aweza kumponya mwanawe siku ya ugonjwa.

Kwanza tuijue sukari yenyewe. Ikiwa safi ni nyeupe, haina harufu, na chembe zake zina pande bapa zing'aazo. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama kikombeni. Tena hupendana na maji sana: lita moja ya maji ya baridi huweza kuyeyusha karibu kilo mbili za sukari, hali chumvi haifiki gramu 400.

Tia kijiko cha sukari katika maji, ukoroge. Sukari haionekani tena. Je, imepotea? Mwalimu na apime kwa mizani maji na sukari kabla ya kuchanganya, kisha apime mchanganyiko: uzito ni ule ule. Halafu amimine kidogo katika sahani, aifunike kwa kitambaa chepesi, na kuiweka juani. Katika jua kali la Same maji yatakauka, ibaki kwanza asali nzito inatayo, na baadaye chembe za sukari, tamu kama mwanzo. Basi hilo ni badiliko la umbo: sukari ilitawanyika tu, asili yake haikuguswa.

Lakini neno letu "kuyeyuka" huwadanganya watoto, kwa maana twalitumia kwa maji na kwa moto pia. Nta ya mshumaa ikiyeyuka motoni, ikapoa, ni nta ile ile. Sukari sivyo. Iweke peke yake katika sufuria kavu juu ya moto: itakuwa ya manjano, kisha ya hudhurungi yenye harufu nzuri, kisha nyeusi na chungu. Mvuke utokao ni maji, na cheusi kibakicho sufuriani ni kaboni, kwa kuwa sukari imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Itie maji utakavyo, haitarudi kuwa sukari. Hilo ndilo badiliko la kikemia.

Watengenezaji wa sukari, kama wale wa kampuni ya TPC iliyoanzishwa mwaka 1930 huko Arusha Chini, kusini ya Moshi, hawana budi kuyaangalia mambo haya mawili. Maji ya miwa sharti yakaushwe mpaka chembe zitokee, lakini moto mwingi huiharibu sukari. Mwaka 1813 Mwingereza Edward Charles Howard alionyesha njia: kuyachemsha katika chombo kilichofungwa na kupunguzwa hewa, yapate kuchemka kwa moto mdogo. Ndiyo sababu hiyo hiyo ambayo kwayo maji juu ya kilele cha Shengena, penye mita 2,462, huchemka kabla ya kufikia digrii 100: huko hewa ni nyepesi.

Badiliko la kikemia laweza pia kutokea pasipo moto. Wazee wa Upare wajua ya kuwa maji ya miwa yakiachwa hugeuka kuwa pombe, ile iitwayo dengelua. Vijidudu vya hamira huila sukari, na mahali pake huacha kileo na hewa iletayo povu. Hapo ukiyakausha yale maji juani hutaipata tena sukari iliyoliwa.

Sasa tuje kwa mtoto mgonjwa. Mtoto aharaye hupoteza maji na chumvi, naye aweza kufa upesi. Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti, ORS, itolewayo zahanati. Isipopatikana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, utie vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa pasipo kilima juu yake. Sukari, ingawa haionekani, imo yote, nayo ikifika matumboni husaidia chumvi na maji kupita mpaka damuni. Usiongeze kwa kuwa mtoto apenda utamu, maana sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini na kumzidishia kuhara. Usikadirie kwa jicho. Pima kwa kijiko. Mpe kidogo kidogo, wala usimwachishe kunyonya. Akiwa mlegevu sana, au akihara damu, mpeleke hospitali pasipo kukawia.

Maji hayo yasipite siku moja. Asubuhi ni sukari na chumvi tu ndani ya maji. Yakikaa, vijidudu huingia na kuanza kazi yao, wala jicho halitakuonyesha. Yamwage, utengeneze mengine.

Nanyi walimu, mkimaliza somo hili, msiwaulize watoto majina ya mabadiliko peke yake. Wekeni mbele yao mambo manne: chumvi ndani ya mchuzi, ukuni uunguao, nta iliyomwagika mezani, na maziwa yaliyoganda. Kwa kila moja waulizeni: kile kitu cha kwanza kingalipo, au kimekuwa kingine? Nao waeleze wamejuaje.