Twasoma Leso, Hatusomi Mkataba



Mtu akitaka kujua namna watu wa Pwani wanavyosoma, asianzie maktaba. Aende Biashara Street, Mombasa, siku za karibu na Idi, asimame kando ya duka la leso. Atamuona mama anafunua leso, anaangalia rangi, anaangalia pindo, kisha anainamia jina. Analisoma polepole. Akiona jina lina kijembe ambacho jirani atadhani amepigwa yeye, leso inarudishwa hata kama rangi imempendeza. Anajua kwamba akishayavaa maneno yale, yamekuwa yake.

Mama huyo huyo, jioni, akikopa pesa kwa simu, masharti yakitokea anabonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Simcheki, kwa kuwa na mimi ni wale wale. Miaka michache iliyopita nilikodi chumba cha biashara. Mwenye nyumba namjua, twasali safu moja. Akanipa mkataba wa kurasa nne, nikatia sahihi pale pale. Niliona haya kukaa nikausoma mbele yake, asije akadhani namshuku. Mwaka wa pili kodi ikapanda, nikaenda kulalamika. Akanifungulia ukurasa wa tatu kwa upole kabisa. Nyongeza ilikuwa imeandikwa, na sahihi ni yangu. Na mimi ni mtu mwenye diploma.

Husemwa sana kwamba Wapwani hatusomi. Hilo si kweli. Twasoma kutwa. Tanzia ikiingia kwenye kikundi cha WhatsApp, kila mtu anaisoma mpaka mwisho: nani, mtoto wa nani, anasaliwa msikiti gani, anazikwa saa ngapi. Ramadhani ikiingia, wengi wetu twakhitimu Qur'ani. Vijana nao wanasoma habari za mpira wa Uingereza kama mtu anayesoma wasia wa babake.

Ukiyapanga hayo pamoja, utaona jambo. Twasoma kwa makini yanayogusa heshima yetu mbele ya watu, na yanayogusa akhera yetu. Kukosa maziko ni aibu, na leso mbaya huleta ugomvi. Lakini yanayogusa haki yetu mbele ya serikali, mwenye nyumba au mkopeshaji, hayo twamwachia mwingine atusomee. Na mara nyingi anayetusomea ndiye mwenye faida yake humo.

Shule nazo zimetuzoesha hivyo. Watoto wa sekondari wamekuwa wakisoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, riwaya inayozungumzia ukabila na uongozi mbaya. Mwanafunzi atakutajia maudhui yote na tamathali za usemi kwa mpangilio. KCSE ikiisha, kitabu kinauzwa kwa anayefuata, wala hakuna aliyemuuliza yale aliyoyasoma yanafanana na nini katika wadi yake mwenyewe. Tumemfunza kwamba kusoma ni kwa ajili ya cheti.

Sasa tazama gharama yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi iliyotumika katika ukanda wetu wa Pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake rasmi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Watu wengi, hasa Wamijikenda wa mashambani, hawakupata habari, au hawakuwa na karatasi, au hawakuwa na wa kuwasemea. Vilio vya uskwota tunavyovisikia mpaka leo, kutoka Kwale hadi Lamu, sehemu yake ina mizizi hapo.

Sisemi kwamba wazee wetu walipoteza ardhi kwa kutosoma. Walidhulumiwa, na sheria yenyewe haikuwekwa kwa faida yao. Ninachosema ni kwamba dhuluma ile haikuja na bunduki peke yake. Ilipitia kwenye karatasi, na karatasi ikipita bila kusomwa hakuna anayeipinga kwa wakati.

Wako waliolifahamu hilo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianzisha hapa Mombasa gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Alikuwa mwanachuoni ambaye angeweza kubaki na vitabu vyake vya fiqhi, wala hakuna angemlaumu. Lakini aliona kwamba watu wake wanahitaji kusoma mambo ya dunia yao kwa lugha yao: elimu ya watoto, mila zinazowafilisi, siasa za waliowatawala. Alijua kwamba dini na magazeti havigombani.

Na dini yenyewe imetutangulia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Inataka pawe na mwandishi muadilifu na mashahidi, na anayedaiwa ndiye atamke yanayoandikwa, ili ayajue. Inatuonya tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Twaipita aya hiyo kila tunapokhitimu, kwa tajwidi nzuri, kisha asubuhi yake twatia sahihi tusichokijua, eti kuulizia ni kukosa adabu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, ila liko mikononi mwa mwengine.

Haki itendeke, kosa si la msomaji peke yake. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini hati za bajeti za kaunti na matangazo ya ardhi mara nyingi huja kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi za kuumiza macho. Sheria inaitaka kaunti ipeleke makadirio ya bajeti katika bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kati ya siku hizo mbili ndipo mwananchi anapoweza kuuliza: zahanati yetu imetengewa nini? Barabara ya mtaani imeandikwa wapi? Ukiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni na hukupewa cha kusoma, umeitwa kunywa soda.

Basi tufanye nini? Desturi tunayo. Maulidi yasomwa na mmoja, wengine wanasikiliza. Darsa la tafsiri mwezi wa Ramadhani ni hivyo hivyo: mmoja asoma, sheikh afasiri, hata asiyejua herufi aondoka na elimu. Tuichukue njia hiyo hiyo tuipeleke barazani. Siku moja kwa wiki, baada ya Isha, kahawa ikiwepo, kijana mmoja aliyemaliza chuo asome karatasi moja kwa sauti: ukurasa wa bajeti ya wadi, masharti ya mkopo wa simu, au mkataba wa mtu anayekusudia kuuza kiwanja. Asome, afasiri kwa Kiswahili, watu waulize. Na kaunti nayo tuiandikie barua, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tudai hati hizo kwa lugha yetu.

Mimi nimeanza na nafsi yangu. Mkataba wangu wa chumba unakaribia kwisha. Safari hii nitauchukua nyumbani, nitamwambia mwenye nyumba anisubiri siku tatu. Akikasirika, nitamuomba radhi. Lakini nitausoma kwanza, kama mama anavyosoma leso.

Wabillahi tawfiq.