Mgeni Rasmi Hazibui Mtaro

Wadau, leo sina picha ya mnuso wala stori ya mjini. Nina ungamo, halafu nina ugomvi. Tuanze na ungamo.

Jumamosi moja, wiki chache kabla ya masika, niliitwa kwenye shughuli ya "usafi shirikishi" katika mtaa ninaoishi mwenyewe, huku kando ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mwaliko ulisema saa mbili asubuhi. Nikafika saa mbili. Turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, vile vya mbele vimevalishwa vitambaa vyeupe. Spika zinapiga singeli mpaka mabati yanatetemeka. Fulana zimegawiwa: kifuani kaulimbiu, mgongoni jina la mfadhili. Mgeni rasmi akafika saa tano na nusu.

Kilichofuata mnakijua. Meza kuu ikatambulishwa. Itifaki ikazingatiwa. Risala ikasomwa. Mgeni rasmi akavishwa glavu mpya, akapewa fagio jipya, akafagia hatua kama kumi mbele ya kamera. Eneo lenyewe, jamani, lilishafagiliwa alfajiri na akina mama wa mtaa ili mheshimiwa asikanyage uchafu. Yaani tulifagia PASAFI. Saa saba kila mtu ana chupa ya maji na kiboksi cha pilau mkononi. Saa nane zile chupa na vile viboksi vimelala ndani ya mtaro uleule tuliokuja kuusafisha.

Na mimi je? Mimi nilipewa bahasha ya kaki inayoitwa "nauli". Nauli ya kwenda wapi, wakati kwangu ni dakika nne kwa mguu? Niliipokea. Nikaenda kuandika habari ambayo kichwa chake kilikuwa maneno ya mgeni rasmi akiwataka wananchi wabadilike. Ikatoka. Nikajipongeza.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo sikuiandika.

Nyuma ya turubai lile, hatua kama hamsini, kuna kikundi ambacho hakina bango wala fulana. Ni akina mama kama kumi na mbili, mzee mmoja fundi baiskeli, na vijana wa bodaboda wa kijiweni. Kila Jumapili asubuhi wanazibua mtaro. Kila nyumba inatoa jero. Vifaa vyao ni machepe mawili, reki moja na toroli la kuazima kwa fundi ujenzi. Wana daftari la shule lenye majina ya waliotoa na wasiotoa, na mweka hazina ni mama muuza vitumbua ambaye hasahau deni la mtu hata la mwaka juzi.

Siku ile ya shughuli, mama huyu alinivuta pembeni. Akanionyesha kilima cha mchanga mweusi, mifuko ya rambo na chupa, kimekaa ukingoni mwa mtaro. Akaniambia, "Mwanangu, sisi kuzoa tunazoa. Lakini hili lundo halina wa kulibeba. Mvua ikija linarudi lilikotoka. Wewe si unaandika? Waandikie walete gari mara moja tu."

Nikamwambia, "Sawa mama, nitarudi kesho nipige picha."

Sikurudi kesho. Wala keshokutwa.

Masika yakaingia. Mvua ya usiku mmoja ikalisukuma lundo lote mtaroni, mtaro ukaziba kwenye daraja la kwanza, na maji yakageukia vyumbani. Jirani yangu, fundi cherehani, alikuta mashine yake imezama na vitambaa vya wateja vinaelea. Sare za shule za watoto wa watu! Alilipa vitambaa vile kidogokidogo kwa miezi, kwa pesa ya kukopa kwa wale wakopeshaji wanaoitwa kausha damu. Hakufa mtu. Ndiyo maana haikuwa habari.

Labda hata ningeandika gari lisingekuja. Lakini nilikuwa na kalamu, nilikuwa na ukweli, na nilikuwa na bahasha mfukoni. Mnajua nilichokichagua.

Hilo ndilo ungamo langu. Ugomvi wangu sasa.

Ugomvi wangu wa kwanza ni na huu ugonjwa wa kudhani kwamba jambo la jamii halijaanza mpaka mgeni rasmi afike. Hivi nani alitufundisha hivyo? Mji huu haukujengwa hivyo.

Kariakoo, jina lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi la Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ile Carrier Corps. Watu wa vitongoji vile walijipanga wenyewe. Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 hazikuletwa na mfadhili. Zilitoka kwa vijana wa mitaani waliotaka kucheza mpira. Vyama vya kuzikana, vikundi vya ngoma, vikundi vya taarabu, upatu wa akina mama, vyote vilikuwa na kiongozi, michango na kanuni kabla mtu yeyote hajasikia neno "warsha".

Na msidhani ilikuwa burudani tu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, wasomi wake walikuwa na katiba na mashine ya chapa. Akina mama iliwapata vipi? Bibi Titi Mohamed hakuwa na digrii. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, kimoja baada ya kingine, na akina mama wakanunua kadi kwa wingi. Shughuli ya mtaani, ambayo msomi wa leo angeiita "mambo ya uswahilini", ndiyo iliyobeba mgongoni harakati za uhuru katika mji huu. Halafu leo tunaambiwa akina mama haohao wanahitaji "kuhamasishwa". Kuhamasishwa na nani?

Mnataka mfano wa karibu zaidi? Hananasif, Kinondoni. Katika miaka ya 1990 wakazi wa pale walichoshwa na mafuriko. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, halmashauri ya jiji na wataalamu wa Ardhi, walijenga mitaro na barabara za ndani kwa nguvu kazi ya wakazi wenyewe, wanawake na wanaume, kwa mikataba waliyopewa wao kama jamii na kwa malipo. Narudia: KWA MALIPO. Si kwa chupa ya maji.

Au mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulipoanza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia kata za uswahilini pamoja na wakazi, wakachora njia, mitaro na sehemu zinazojaa maji, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Mkazi alionyesha maji yalifika wapi, mwanafunzi akaweka alama. Kila mmoja alileta alichonacho. Hicho ndicho ninachokiita ushirikiano. Kukaa chini ya turubai ukipigia makofi hotuba si ushirikiano, ni kuhudhuria.

Najua kuna mtu anasema, "Bwana mwandishi, acha chuki. Shughuli zinaleta hamasa. Hukumbuki Desemba 9, 2015?" Nakumbuka vizuri sana. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza siku ile iwe ya usafi, akatoka na yeye kufagia. Mji uling'aa kweli, na baada ya hapo ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa ya usafi. Sipingi. Siku ile ilitufundisha kwamba nguvu tunayo. Lakini ilitufundisha pia jambo la pili ambalo hatulisemi: kufagia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni gari la kubeba taka, dampo la kupeleka, na mtaro ulio na pa kumwagia maji. Fagio la chelewa haliwezi kufanya hayo matatu, hata likishikwa na rais.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu wa pili, na huu ni wa upande mwingine. Wapo wanaosifia "nguvu ya jamii" kwa sababu moja tu: inawapunguzia kazi. Wananchi wajitolee! Wananchi walinde mtaa usiku! Wananchi wachangie dawati! Sawa, tunajitolea. Lakini mtaa wetu hauwezi kujichimbia mto. Maji yanayoingia kwa fundi cherehani yanatoka juu, mitaa na mitaa, hayatoki kwetu. Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na walionusurika mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Jambo la ukubwa ule halitatuliwi kwa jero ya kila nyumba. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Vizuri. Basi na sisi tuulize: katika mamilioni hayo na katika bajeti za manispaa za kila mwaka, gari moja la kubeba lundo la mama muuza vitumbua limo? Kama limo, lije. Kama halimo, tusiitane wavivu.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi serikali ikae mbali. Nasema ije na kile ambacho mtaa hauna, iache kutuletea tulichonacho tayari. Ufagio tunao. Nguvu tunazo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, watu waliokuwa jirani walianza kuchimbua kifusi kwa nyundo na kwa mikono yao. Hawakusubiri hamasa. Walichokosa ni mashine nzito na mkaguzi wa majengo aliyefanya kazi yake kabla ya siku ile. Mtaro wetu ni hadithi hiyohiyo, ila unaporomoka polepole.

Ugomvi wa tatu ni na sisi. Ndiyo, wewe na mimi, tuliosoma, tunaolalamika kwenye daladala na vijiweni kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Umepanga chumba na sebule mtaani mwaka wa nne sasa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa unamjua jina? Tulichagua viongozi wa mitaa tarehe 27 Novemba 2024. Ulipiga kura, au ulilala kwa sababu "hizo ni siasa za uswahilini"? Msiba ukitokea nyumba ya tatu unatoa rambirambi, au unaongeza sauti ya redio? Unajua fainali zote za Ulaya, lakini mkutano wa mtaa ambao mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele yako hujawahi kuuhudhuria. Halafu unashangaa kwa nini risala inaandikwa na mtu asiyejua kuandika. Wewe unayejua ulikuwa wapi?

Akina mama wa mtaro hawahitaji hotuba yetu. Wanahitaji barua moja iliyoandikwa vizuri kwa mtendaji, yenye tarehe, nakala na saini. Wanahitaji mtu wa kwenda kuifuatilia, arudi tena, arudi tena. Wanahitaji mtu wa kusoma mkataba wa mzoa taka na kuuliza: tunalipa kila mwezi, gari linakuja mara ngapi? Kazi hizo hazina fulana. Ndiyo maana hatuzifanyi.

Na ninyi waandishi wenzangu, tuambiane ukweli. Bahasha ile haitununui tuandike uongo. Kila nilichoandika siku ile kilikuwa kweli: mgeni alikuja, alifagia, alisema. Bahasha inanunua mahali pa kuelekeza kamera. Ikiangalia meza kuu, haioni lundo. Najua mishahara ilivyo, najua wengine wanalipwa kwa habari moja moja, na sitajifanya malaika. Pesa ile niliila. Ila tusijidanganye kwamba ilikuwa nauli.

Nimekwenda kwa mama muuza vitumbua wiki iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno marefu. Hakunipa nafasi. Aliendelea kugeuza vitumbua, akaniuliza tu, "Umekuja na gari?"

Nikasema, "Hapana mama. Nimekuja na kalamu. Tuandike barua."

Akanitazama, akafungua daftari, akatafuta ukurasa. "Kabla ya barua," akasema, "nyumba yenu mna deni. Miezi saba."

Nimelipa. Barua tumeiandika, imepokelewa na kugongwa muhuri, na nakala ninayo. Jumapili hii asubuhi nitakuwa mtaroni na chepe. Simwiti mtu, simpigi mtu picha. Wa mtaa wangu njia mnaijua; wa mitaa mingine, kwenu pia kuna mtaro.