MKUBWA ATOBOLEWE, KABWELA APASULIWE?

Na Mwandishi wa Kujitegemea

KUNA jambo moja sisi wanaume wa mjini hatulizungumzi kijiweni. Tutabishana Simba na Yanga mpaka mate yakauke, tutapanga baraza zima la mawaziri juu ya benchi la fundi viatu, lakini tumbo la dada zetu tunawaachia wakunga na waganga. Tunalikumbuka siku mbili tu: siku limebeba mimba, na siku limekataa mimba.

Leo, ndugu msomaji, tutalijadili. Ukiona aibu fungua ukurasa wa michezo, lakini ujue bili ikija itakuja kwako.

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Kila mwezi hukua humo kijifuko cha maji kinacholea yai. Mara nyingine kijifuko hicho hakipasuki wakati wake, kinaendelea kujaa maji na kuwa uvimbe. Uko uvimbe wa aina nyingine wenye damu nzito iliyokaa siku nyingi. Na uko mwingine ambao ukifunguliwa hukutwa na nywele, hata meno! Huo si uchawi. Chembe za kifuko cha mayai zina uwezo wa kutengeneza viungo vya mwili, na hapo zimeanza kazi mahali pasipo pake. Lakini kabla daktari hajamaliza kueleza, mtaani wameshamtaja bibi kizee jirani.

Sasa sikiliza utapeli unavyofanyika mchana kweupe. Uvimbe mwingi wa maji hauhitaji kisu wala dawa. Baada ya miezi miwili mitatu huondoka wenyewe. Hapo ndipo muuza mizizi mwenye kipaza sauti anapotajirika: anamwuzia binti chupa, uvimbe unaondoka kwa hiari yake, sifa anachukua yeye. Na yule ambaye uvimbe wake si wa kuondoka atakunywa chupa ya pili, ya tatu, ya kumi, huku uvimbe unakua. Siku moja kifuko kilicholemewa kinajinyonga kwenye kikonyo chake, damu haipiti, binti anajikunja kwa maumivu na kutapika. Hapo hesabu ni ya saa, si ya wiki. Akicheleweshwa, kifuko kinakufa. Na sisi hao hao tuliomcheleweshea nauli ndio tutakaomwita mgumba!

Kwa hiyo kuna uvimbe wa kusubiri na kuna uvimbe wa kutoa. Wa kutoa ni ule uliokua sana, usioisha, unaouma, au ule ambao daktari akiuona kwenye ultrasaundi hauamini. Njia za kuutoa ni mbili.

Njia ya kwanza ni kisu kirefu. Tumbo linafunguliwa, mgonjwa analala wodini siku kadhaa, kisha anaambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki sita hivi. Njia ya pili ni matundu madogo. Mgonjwa anapewa nusu kaputi, tumbo linajazwa gesi ili daktari apate nafasi, kamera nyembamba inaingizwa karibu na kitovu, na vyombo vingine vinapita kwenye matundu mawili matatu ya nusu sentimita au moja. Daktari anatazama skrini, anaumenya uvimbe taratibu, anauweka kwenye mfuko na kuutoa. Mara nyingi kifuko cha mayai kinabaki mahali pake. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Maumivu ni kidogo, kovu ni dogo, na baada ya wiki moja au mbili wengi wanarudi kwenye shughuli zao.

Tuseme kweli, kisu kirefu nacho kina siku yake. Uvimbe ukishukiwa kuwa saratani, haufai kupasukia ndani, na daktari mwenye akili atafungua tumbo. Hatumgombezi. Tunachogombea ni huyu: binti mwenye uvimbe wa kawaida kabisa, anayepasuliwa kama gunia kwa sababu tu hospitali aliyofika haina kamera, au hana pesa za kufika penye kamera.

Na wewe unayesema hayo ni mambo ya wanawake, pokea historia. Upasuaji huu ulilelewa na madaktari wa wanawake. Kurt Semm, daktari wa wanawake wa mji wa Kiel, Ujerumani, alitengeneza vyombo vyake mwenyewe, na wenzake wakamcheka kwamba akapimwe ubongo. Mwaka 1980 alitoa kidole tumbo kwa matundu, na wakubwa wa upasuaji wakataka asimamishwe kazi. Miaka mitano baadaye Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, akatoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo. Leo dunia nzima inafanya. Siku utakapotolewa kidole tumbo kwa tundu na kurudi kazini mapema, ujue umekula matunda ya wodi ya wanawake.

Hapa kwetu je? Utaalamu haujakosekana. Muhimbili wanafanya, na KCMC pale Moshi wanafanya. Suala ni nani anafika, na kwa pesa ya nani. Tangu 1993, Serikali ilipoleta uchangiaji katika hospitali zake, mgonjwa ameambiwa aingize mkono mfukoni. Mjamzito akasamehewa, mtoto wa chini ya miaka mitano akasamehewa. Vizuri sana! Lakini mwenye uvimbe si mjamzito. Pengine uvimbe ndio unaomzuia kuwa mjamzito! Yeye msamaha wake ni wa asiyejiweza, na hadi aupate sharti kwanza athibitishe umaskini wake mbele ya afisa ustawi wa jamii. Maana yake ni nini? Kwamba tumbo la mwanamke lina thamani likiwa na mtoto, likiwa na ugonjwa ni shauri yake. Serikali na kijiwe tumekubaliana neno moja!

Wakati huo huo, wakubwa wa bara hili wanajua njia ya uwanja wa ndege. Novemba 2014, Jakaya Kikwete akiwa Rais alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins, Marekani. Michael Sata wa Zambia alifia London mwaka huo huo. Robert Mugabe alifia Singapore 2019. Muhammadu Buhari wa Nigeria alifia London 2025. Hatumwonei mgonjwa wivu, maradhi ni ya kila mtu. Lakini asiyelala wodi ya nchi yake atajuaje kwamba haina kamera?

Watatuambia nchi ni maskini. Sawa, twende India, huko huko vigogo wanakopenda kutibiwa. Madaktari wa vijijini kaskazini mashariki mwa nchi hiyo wanafanya upasuaji wa matundu bila gesi kabisa. Wanainua ukuta wa tumbo kwa chuma maalumu, wanampa mgonjwa ganzi ya mgongo, wanafanya kazi. Kigogo wa kwetu anapanda ndege kwenda India, mlalahoi wa India anatobolewa kijijini kwake. Nani maskini hapo?

Na wanaopiga hesabu ya bei ya mashine wapige pia hesabu ya mama ntilie aliyekaa wiki sita bila kuwasha jiko. Watoto wanakula nini? Mkopo analipa nani? Hasara hiyo haimo kwenye vitabu vya Hazina kwa sababu inaliwa nyumbani kwako.

Kwa hiyo, kijana, una kazi mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani. Mkeo au dada yako akilalamika tumbo upande mmoja, au siku zake zikivurugika, mpeleke akapimwe ultrasaundi, si kwa mwenye kipaza sauti. Maumivu yakimshika ghafla na kutapika, usingoje asubuhi. Na mwulize daktari bila woga: je, uvimbe huu unaweza kutolewa kwa matundu? Kifuko kitabaki?

Kazi ya pili ni ya hadharani. Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Basi mbunge wako akija kuomba kura na kofia na fulana, mwulize maswali matatu. Asilimia 15 iko wapi? Hospitali ya mkoa wetu ina kamera na daktari wa kuitumia? Bima hiyo inamlipia mwenye uvimbe, au inamngoja mpaka apate mimba?

Akikujibu kwa pilau, kula pilau, kura umnyime.

Tumbo hilo ndilo lililotuzaa sote, wenye mashangingi na wenye kandambili.